Bastola Mpya Haipigi Inapolengwa: Tafuta Chanzo Kabla ya Kugusa Vilengeo

Bastola mpya ikipiga pembeni, mwenye nayo hukimbilia kilengeo. Anakisogeza kidogo kulia, matundu yanahamia katikati, anaridhika. Siku nyingine akiwa ametulia na hana wasiwasi na mlio, matundu yanakaa kulia. Kilengeo hakikuwa na kosa hapo mwanzo. Sasa kinalo, na kosa la mkono bado liko palepale. Ndiyo maana katika mwongozo huu kilengeo kinaguswa mwisho kabisa, baada ya karatasi kuthibitisha kwamba hakuna chanzo kingine.

Tukubaliane kwanza kuhusu majina. Kilengeo cha mbele ni kile kinundu kilicho karibu na mdomo wa mtutu, na kilengeo cha nyuma ni kile chenye pengo. Slaidi ni chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka. Teke ni ule msukumo unaorudi mkononi. Kundi ni matundu yote ya raundi moja kwenye karatasi ya shabaha.

Kila jaribio la risasi halisi lililotajwa hapa linafanyika kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, mbele ya msimamizi. Kwenda kujaribu bastola shambani Mkuranga au ufukweni Kigamboni kunahatarisha watu, na ni njia ya mkato ya kupoteza kibali. Umiliki wa silaha za kiraia nchini Tanzania unasimamiwa na sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, na kazi yoyote ya kubadilisha sehemu za silaha mpelekee fundi mwenye leseni.

Kabla ya risasi ya kwanza

Toa magazini, vuta slaidi nyuma, ifunge ikiwa wazi, kisha kagua chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi, kwa jicho na kwa ncha ya kidole. Rudia. Ndipo uanze kazi.

Bastola nyingi husafirishwa zikiwa na mafuta mazito ya kuzuia kutu, ndani ya mtutu na kwenye chemba. Mafuta hayo yakibaki, risasi chache za mwanzo huenda popote, na mengine huzuia slaidi isifunge hadi mwisho. Pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu mpaka kitoke safi, kisha brashi ya shaba mara chache, kisha kitambaa tena. Mtutu na chemba viachwe vikavu. Kwenye reli za slaidi tone moja kila upande linatosha. Mafuta mepesi ya silaha ndiyo bora, na ya cherehani yanafaa kwa kushikiza. Mafuta ya kupikia yasiguse silaha, maana yanaganda na kuwa gundi.

Sasa shika kilengeo cha mbele kwa vidole viwili na ukisukume pande zote, halafu cha nyuma. Kisitingishike hata chembe. Bastola nyingine, Glock zikiwemo, hufunga kilengeo cha mbele kwa skrubu ndogo inayoingia kutoka ndani ya slaidi; ikilegea, kilengeo huinama kulia au kushoto kila slaidi inapopiga, na kundi hutawanyika bila mpangilio. Kilengeo cha nyuma hukaa kwenye mfereji na hupitishwa kwa nguvu. Angalia kwa juu kama kimebaki katikati: pima kwa rula yenye milimita nafasi ya kushoto na ya kulia. Iandike tofauti hiyo, tutaihitaji kwenye hesabu.

Jambo la mwisho kabla ya kwenda uwanjani ni kusoma kitabu kilichokuja na bastola, ukurasa wa vilengeo. Viwanda havikubaliani kuhusu mahali risasi inapotakiwa kuangukia. Kuna bastola ambazo risasi hupiga palepale kwenye ukingo wa juu wa kilengeo cha mbele, kuna zinazotaka ukingo huo ukae chini ya duara jeusi, na kuna zile ambazo nukta nyeupe ya mbele inatakiwa ifunike mahali unapotaka kupiga. Anayelenga kwa namna ya pili kwa bastola iliyotengenezwa kwa namna ya tatu ataona risasi zikienda chini kila siku, na bastola yake ni nzima. Malalamiko mengi ya "inapiga chini" yanaishia kwenye ukurasa huo.

Jaribio la mchanga

Hapa ndipo mkono unatenganishwa na chuma. Chukua viroba viwili vya kilo tano vya unga vilivyokwisha, vijaze mchanga mkavu wa mto, uvishone mdomo. Usitumie mchanga wa ufukweni kwa sababu chumvi yake itaingia kwenye slaidi na ndani ya siku chache utaona madoa ya kutu. Kaa kwenye meza, weka viganja na sehemu ya mbele ya fremu (mwili wa chini wa bastola, wenye mpini) juu ya mchanga, mikono ikiishika bastola kama kawaida. Mtutu na slaidi visiguse kitu chochote. Vikigusa, kila risasi itarushwa upande tofauti na jaribio litakudanganya.

Weka karatasi mita 10. Piga risasi tano polepole ukilenga nukta ileile, hata kama unaona zinakwenda pembeni. Usifuatilie matundu kwa kulenga upande wa pili. Badilisha karatasi, piga tano nyingine, kisha tano za tatu. Halafu mpe msimamizi au mpigaji mzoefu bastola hiyohiyo na risasi za boksi lilelile, apige makundi mawili bila wewe kumwambia inaenda wapi. Mwisho piga makundi mawili ukiwa umesimama. Jumla ni risasi 35. Kwa bei ya risasi na upatikanaji wake hapa Dar es Salaam zinaonekana nyingi, lakini boksi moja la risasi 50 lililotumika kwa mpango huu linakueleza mengi kuliko maboksi manne ya kubahatisha.

Nyuma ya kila karatasi andika: nani kapiga, kaegemea au kasimama, aina ya risasi na uzito wake, saa, na jua lilikuwa upande gani.

Kuzisoma karatasi

Tafuta katikati ya kila kundi. Tundu moja lililotoroka peke yake liache pembeni, ila liandike. Likijirudia kila raundi ni habari nyingine, tutaifikia.

Bastola ya kawaida ya milimita 9, ikiegemezwa na kupigwa na mzoefu, huweka matundu matano ndani ya sentimita 5 kwa mita 10, na mara nyingi ndani ya kiasi kidogo zaidi. Ukiwa na kipimo hicho, karatasi zitakupeleka kwenye moja ya njia hizi. Makundi yenu wote wawili ni madogo na yako sehemu ileile nje ya nukta: chanzo ni vilengeo, risasi au namna ya kulenga. Ya mwenzako yako katikati na yako yako pembeni: chanzo ni wewe, ama mkono ama jicho. Kundi lako likiwa dogo kwenye mchanga na likapanuka au kuhama ukisimama, ni mkono pia. Makundi yakiwa makubwa kwa wote hata kwenye mchanga, mtilie shaka mtutu, ufungaji wake au risasi zenyewe.

Kundi kubwa haliponywi kwa kusogeza kilengeo. Kilengeo huhamisha kundi, hakilipunguzi.

Chini kushoto, kwa anayetumia mkono wa kulia

Hili ndilo lalamiko kuu la bastola mpya, na kwa anayetumia mkono wa kushoto picha hugeuka ikawa chini kulia. Mara nyingi sana bastola haina kosa. Angalia mizani ya nguvu: bastola ya polima kama Glock 17 bila risasi ina uzito wa takribani gramu 700 au pungufu kidogo, na triga yake inahitaji msukumo wa kama kilo 2.5. Kidole kimoja kinasukuma kwa nguvu inayozidi mara tatu uzito wa silaha yenyewe. Mikono isipoishika sawasawa, triga ndiyo inayoamua mtutu uelekee wapi.

Kosa lenyewe huwa na sura mbili zinazofanana karatasini. Ya kwanza ni kunyakua: kidole kikivuta triga kwa pupa, vidole vingine vitatu navyo vinakaza, na mkono mzima unabana mpini kama anayekamua nguo. Vidole vya chini vinavuta mdomo wa mtutu chini, na kwa mkono wa kulia unaelekea kushoto. Ya pili ni kushtuka kabla ya mlio. Mwili unajua teke linakuja, kwa hiyo kiganja kinasukuma mbele sehemu ndogo ya sekunde kabla ya risasi kutoka. Mpigaji mwenyewe haoni, kwa kuwa mlio na mrusho vinafunika kila kitu.

Kipimo chake ni cha zamani na hakijapata mbadala. Mwambie mwenzako achanganye risasi bandia za mazoezi, zile zisizo na baruti wala kiwashio, na risasi halisi kwenye magazini: halisi tano, bandia mbili, wewe ukiwa umegeuka. Piga kwa utaratibu wako. Ukifika kwenye bandia, triga italia "tak" na hakuna teke la kuficha kitu. Mdomo wa mtutu ukitumbukia kabla au wakati wa "tak", chanzo umekipata. Mpigaji wa mashindano mwenye kasi naye huonekana akishusha mtutu kidogo baada ya "tak", kwa sababu mikono yake imezoea kurudisha bastola chini kufuata teke. Kuchovya huko hakudhuru. Kubaya ni kule kunakotangulia.

Dawa yake ina sehemu tatu, na hakuna ya kurukwa. Anza na masikio. Kushtuka kwingi ni kwa ajili ya mlio kuliko teke, hasa chini ya paa la bati ambako sauti inarudi. Vaa vizibo vya ndani ya masikio na juu yake vifuniko vya nje. Watu wengi makundi yao hupungua siku hiyohiyo.

Ya pili ni mazoezi makavu nyumbani. Risasi zote zipelekwe chumba kingine, chemba ikaguliwe mara mbili, na mwelekeo uwe salama kweli. Nyumba za Sinza, Tandika au Mbagala zimegusana kuta, na bati, mbao na jipsamu havizuii risasi. Kama hakuna upande salama, fanya mazoezi hayo uwanjani. Hakikisha pia kitabu cha bastola yako kinaruhusu kufyatua bila risasi. Baadhi ya bastola za zamani na nyingi za kipenyo kidogo cha .22 hazitaki, na hapo utahitaji risasi bandia ndani ya chemba. Weka sarafu bapa juu ya slaidi karibu na kilengeo cha mbele. Ongeza nguvu kwenye triga taratibu, kwa sekunde tatu au nne, mpaka ijifyatue yenyewe, sarafu ikiwa haijaanguka. Ishirini kwa siku zinatosha. Ukichoka unajifunza makosa.

Ya tatu ni mshiko. Mkono wa kufyatulia ushike juu kabisa ya mpini, chini ya mkia wa fremu, kusiwe na nafasi. Kiganja cha mkono wa pili kijaze sehemu tupu ya upande wa pili, na mkono huo ndio ubane zaidi. Ule wa triga ukibana kupita kiasi, kidole chake hakiwezi kusogea peke yake. Kwa jasho la Dar es Salaam, hasa miezi ya joto kuanzia Desemba, mshiko mzuri wa raundi ya kwanza hauko tena raundi ya nne. Kuwa na taulo ndogo, futa viganja na mpini kila unapobadilisha magazini. Mpini laini unaweza kupewa utepe wa mpira wenye mikwaruzo.

Kama mkono ni mdogo na mpini ni mnene, kidole hakifiki vizuri: kinagusa triga kwa ncha tu na kuisukuma pembeni. Bastola nyingi za kisasa huja na migongo ya mpini ya ukubwa tofauti kwenye sanduku, na watu huiacha humo bila kuifungua. Jaribu mdogo. Triga ikae katikati ya nyama ya pingili ya kwanza.

Kuna mchoro maarufu kwa wapigaji wa duara lililogawanywa vipande, kila kipande na kosa lake; ulitokana na upigaji wa mkono mmoja. Kwa mshiko wa mikono miwili unakosea mara nyingi. Uchukue kama dokezo, kisha thibitisha kwa risasi bandia.

Pande nyingine, kwa kifupi

Kushoto tupu bila kushuka: mkono wa pili umelegea au kidole kinasukuma. Kulia: kidole kimeingia sana kwenye triga, au dole gumba la mkono wa kufyatulia linabana upande wa fremu. Juu: mpigaji anainua macho kuangalia tundu kabla risasi haijatoka, au kilengeo cha mbele kimechomoza juu ya kile cha nyuma. Msitari wa matundu wa juu na chini: urefu wa kilengeo cha mbele kwenye pengo unabadilika kila risasi, au unapumua unapofyatua. Toa pumzi nusu, zuia, fyatua ndani ya sekunde saba au nane. Zaidi ya hapo jicho linachoka, shusha mikono uanze upya.

Lile tundu linalotoroka peke yake: kama ni la kwanza kila raundi, angalia aina ya triga. Bastola yenye nyundo ya nje ambayo risasi ya kwanza huvuta triga ndefu na nzito, kisha zinazofuata zikawa nyepesi, mara nyingi hutupa ya kwanza chini. Fanyia mazoezi ile ya kwanza peke yake. Kama triga ni moja kwa risasi zote, bado tazama slaidi: ya kwanza hufungwa kwa mkono, nyingine zinafungwa na bastola yenyewe. Ukiisindikiza slaidi kwa mkono badala ya kuiachia, mtutu unaweza kukaa tofauti kidogo.

Jicho na mwanga

Jicho haliwezi kuona vizuri kilengeo cha nyuma, cha mbele na karatasi kwa wakati mmoja. Kinachotakiwa kuonekana kwa makali ni cha mbele. Karatasi iwe na ukungu, na hilo halina madhara. Anayekazia macho karatasi anapoteza kilengeo, na milimita moja ya kilengeo kukaa pembeni, kwa bastola yenye milimita 165 kati ya vilengeo viwili, ni sentimita 6 kwenye karatasi ya mita 10.

Ukipata makundi mawili madogo yaliyotengana kushoto na kulia, shuku jicho linalotawala. Nyoosha mikono, tengeneza tundu dogo kwa viganja, tazama kitu cha mbali kupitia hapo ukiwa umefumbua yote mawili, kisha fumba moja moja. Jicho linalobaki na kitu ndani ya tundu ndilo linalotawala. Kama ni la kushoto na unafyatua kwa kulia, sogeza bastola mbele ya jicho hilo kwa kugeuza kichwa kidogo, au bandika kipande cha utepe unaopitisha mwanga kwenye lenzi ya kushoto.

Baada ya miaka 40 hivi, kilengeo cha mbele kinaanza kuonekana na ukungu na makundi yanapanuka bila sababu nyingine. Miwani ya kusomea gazeti ni mikali mno kwa umbali wa mkono ulionyooka. Mwambie mtaalamu wa macho unataka kuona vizuri kitu kilicho sentimita 60 hadi 70. Mara nyingi nyongeza ya nguvu ya lenzi ya 0.75 au 1.00 inatosha. Lenzi za vipande viwili zinamlazimisha mtu kuinua kidevu, na kundi linapanda au kushuka kufuata shingo. Juu ya yote, vaa miwani ya kinga.

Jua letu ni kali na huja kwa pembe. Likimulika ubavu mmoja wa kilengeo cha mbele, ubavu huo unang'aa, jicho linakadiria katikati mahali pasipo katikati, na kundi linahama. Ndiyo sababu ya kuandika saa kwenye karatasi. Makundi ya saa mbili asubuhi na ya saa kumi jioni yakitofautiana pande, usiguse kilengeo. Paka kilengeo cha mbele rangi nyeusi isiyong'aa, au piga chini ya kivuli.

Hesabu ya vilengeo

Umefika hapa kwa sababu makundi ni madogo, wapigaji wawili mmekubaliana, mwanga haukubadilika. Sasa hesabu: chukua umbali wa katikati ya kundi kutoka kwenye nukta kwa milimita, zidisha kwa umbali kati ya vilengeo viwili kwa milimita, gawa kwa umbali wa karatasi kwa milimita. Jibu ni milimita za kusogeza.

Mfano: kundi liko milimita 20 kushoto, vilengeo vimeachana milimita 160, karatasi ni mita 10, yaani milimita 10,000. Ishirini mara 160 ni 3,200. Gawa kwa 10,000 upate 0.32. Ni unene wa karatasi tatu za kuchapia. Ndiyo maana kugonga kwa nyundo ya seremala hakuna maana hapa. Kazi hii ina kifaa chake cha skrubu kinachosukuma kilengeo kidogo kidogo, na fundi anacho.

Hesabu hiyohiyo inakuambia ni lini usiilaumu bastola. Kundi lililo sentimita 9 kushoto kwa mita 10 lingehitaji kilengeo kilichokaa pembeni karibu milimita 1.4. Kosa hilo jicho linaliona bila rula. Rudi kwenye vipimo ulivyoandika mwanzo: kama nafasi za kushoto na kulia zinalingana, sentimita tisa hizo karibu hakika zinatoka mkononi.

Mwelekeo usikuchanganye. Kilengeo cha nyuma kinasogezwa upande uleule unaotaka risasi ziende: zinaangukia kushoto, kisogee kulia. Cha mbele ni kinyume. Kwa juu na chini, risasi zikiwa chini unahitaji cha nyuma kirefu zaidi au cha mbele kifupi zaidi. Kwenye bastola zisizo na skrubu ya kurekebisha, kipande kinabadilishwa kizima; Glock, kwa mfano, ina vilengeo vya nyuma vya milimita 6.1, 6.5, 6.9 na 7.3, na kila hatua inahamisha kundi kama sentimita 2.4 kwa mita 10. Usikwangue kilengeo cha mbele kwa tupa kabla ya kujaribu risasi za uzito mwingine, maana chuma kilichokwanguliwa hakirudi.

Darubini ya nukta nyekundu ikiwa juu ya slaidi, kwanza kagua skrubu za bamba lake, zifungwe kwa kipimo cha kiwanda na gundi ya skrubu. Baada ya hapo, kifaa ambacho kila mlio wa skrubu yake ya kurekebisha ni dakika moja ya pembe (sehemu ya 60 ya digrii) huhamisha kundi kama milimita 3 kwa mita 10. Kundi la sentimita 3 pembeni ni milio kumi.

Risasi zenyewe

Kuanguka kwa risasi kwa uzito wake si sababu ya kupiga chini kwa umbali huu. Risasi ya mita 350 kwa sekunde, ndani ya mita 10, hushuka kama milimita 4 tu. Upepo wa bahari nao hauna nafasi.

Uzito ndio wenye athari, na huwashangaza wengi: risasi nzito na ya polepole mara nyingi hupiga juu zaidi. Inakaa ndani ya mtutu muda mrefu kidogo, na teke linakuwa limeshaanza kuinua mdomo kabla haijatoka. Kwa 9×19 (risasi ya kipenyo cha milimita 9 yenye ganda la urefu wa milimita 19) uzito wa kawaida ni greini 115, 124 na 147, yaani gramu 7.5, 8 na 9.5. Bastola inayopiga chini sentimita moja au mbili kwa 115 huenda ikakaa sawa kwa 124 au 147 bila mtu kugusa kilengeo. Nunua aina moja, shikamana nayo, na usichanganye maboksi ndani ya kundi moja.

Joto la gari lililoegeshwa juani Kariakoo na unyevu wa masika huzeesha risasi. Zenye madoa ya kijani au kutu zirudishwe kwa muuzaji au polisi, zisijaribiwe.

Chuma kinapokuwa na kosa

Matundu yenye umbo la tundu la ufunguo au yaliyorefuka yanamaanisha risasi inafika ikiwa imelala ubavu. Acha kupiga. Linganisha maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu na yale ya kitako cha ganda la risasi. Neno "milimita 9" pekee halitoshi: kuna 9×17, 9×18 na 9×19, na kichwa cha 9×18 kina kipenyo cha takribani milimita 9.27 wakati cha 9×19 ni 9.01. Maandishi yakilingana, basi mtutu una kasoro.

Ukisikia mlio dhaifu usio na teke, weka bastola chini ikielekea kwenye shabaha na mwite msimamizi. Huenda kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata inaweza kuupasua.

Mdomo wa mtutu kagua kwa kijiti cha pamba cha masikioni: kizungushe ukingoni, nyuzi zikinasa mahali pamoja hapo pana mkwaruzo, na mkwaruzo huo unaisukuma risasi inapotoka. Bastola mpya nayo inaweza kuangushwa njiani. Kisha, silaha ikiwa tupu na slaidi imefungwa, bonyeza kwa dole gumba sehemu ya nyuma ya mtutu inayoonekana kwenye dirisha la kutolea maganda. Kwenye bastola ambazo mtutu huinama unapofunguka, mtindo wa mbunifu wa silaha John Browning, sehemu hiyo isizame wazi na kurudi kwa springi. Ikizama, mtutu haukai mahali pamoja kila risasi. Kwa revolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, tafuta makombo ya risasi usoni au mezani kutoka pembeni ya silinda, na, silaha ikiwa tupu, jaribu kama silinda inatingishika nyundo ikiwa imevutwa nyuma.

Slaidi isiyofunga hadi mwisho itazame kwa ubavu: nyuma yake ilingane na fremu. Isipolingana, safisha chemba kwanza, kisha hakikisha springi haikurudishwa kinyume baada ya kusafisha.

Kutu ya ndani huja haraka hapa kwetu, zaidi kwa wakazi wa karibu na bahari, kuanzia Masaki hadi Kunduchi. Usiihifadhi bastola ndani ya kifuko cha ngozi, kwa kuwa ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia ubavuni mwa chuma. Kasha la chuma, pakiti za kunyonya unyevu, na kitambaa chenye mafuta kidogo kila baada ya kuishika.

Ukiipeleka kwa fundi au kwa muuzaji ikiwa bado ndani ya udhamini, nenda na kibali chako, karatasi zote saba zenye maandishi nyuma, kipimo cha nafasi za kilengeo na boksi la risasi ulizotumia likiwa tupu. Mwombe apige kundi moja mwenyewe kwenye uwanja kabla ya kufungua chochote, na akibadilisha kilengeo aandike urefu wa kile cha zamani na kile kipya. Ukirudi nayo, anza upya na kundi la risasi tano kwenye mchanga, mita 10, kwa risasi zileile.